Karani wa Masjala na Akina Doto

Kwa Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayewafuata Shija. Ndiyo maana akina Doto ni wengi. Mmoja, Doto Biteko wa Bukombe, akawa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023. Wengine wamo mashimoni wakisaka dhahabu, na wakifa, mirathi yao ina uzito uleule. Karani wa masjala, ambaye kazi yake naiheshimu mno, humtafuta Doto aliye sahihi jalada baada ya jalada, vumbi puani, akilinganisha jina la mama, kijiji, alama ya dole gumba iliyofifia. Na mipaka nayo ilihama, hata jalada la zamani likabaki na jina la mkoa mwingine: Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, Bukombe ilitoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera. Mjane aliyekaa benchini tangu asubuhi anaitwa dirishani. Jalada ni la mumewe, si la Doto mwingine.