Sahani Inapogeuzwa: Matoleo Mapya ya Muziki wa Dansi na Swali la Matini

Makala haya yalianzia Mlingotini, hayakuanzia maktaba. Likizo iliyopita nilikwenda kijijini na CD moja ya nyimbo za zamani za Morogoro Jazz, zile zilizosafishwa sauti na kutolewa upya huko Ulaya, nikampigia mjomba wangu asikilize. Mjomba ni fundi wa mashua. Alikaa juu ya gogo, tezo mapajani, akawa kimya. Tulipofika katikati ya wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe, pale uimbaji unapoisha na magitaa yanaanza kuzama, aliunyoosha mkono wa kulia mbele, kisha akaushusha huku anacheka peke yake. Nikamwuliza kulikoni.

"Nilitaka kugeuza sahani, mjomba," akanijibu.

Kumbe utotoni kazi yake ilikuwa hiyo. Kaka yake alikuwa na gramafoni ya betri, na jioni watu wakijaa barazani yeye ndiye aliyesimama karibu kugeuza santuri ili sehemu ya pili ipigwe. Ole wake akichelewa. Lakini kwenye CD yangu hapakuwa na cha kugeuza. Fundi wa huko alikwishaziunga sehemu mbili zikawa moja, na mshono wenyewe hausikiki mpaka uambiwe upo.

Mkono ule ndio ulionifanya niandike. Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kuanza na matini, ndipo tuje kwenye fani na maudhui. Sasa wimbo wa dansi matini yake ni ipi? Matoleo haya mapya yanasifiwa kwa ubora, na kwa kweli ni mazuri, sikatai. Hoja yangu ni kwamba ubora unaosifiwa ni wa sauti peke yake, na kwamba toleo safi linaweza kuwa toleo baya kwa maana ile tunayoitumia darasani tunaposema fulani amehariri utenzi vibaya.

Tuanze na sababu ya wimbo kukatwa. Santuri ndogo ya spidi 45 inabeba dakika nne au tano hivi kila upande. Wimbo wa dansi ukumbini ulikuwa mara mbili ya hapo au zaidi, na ulikuwa na umbo lake: kwanza kisa, kinaimbwa taratibu, beti na kiitikio, halafu chemko, ambapo mwimbaji anapisha, solo inapanda, tarumbeta zinajibu na wachezaji wanaamka. Kampuni za Nairobi zilipoleta wimbo wa namna hiyo sokoni ziliugawa: Sehemu ya 1 upande huu, Sehemu ya 2 upande ule. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kufyatua santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka sahani ilitazama Nairobi. Mara nyingi mkato uliangukia karibu na mpaka wa kisa na chemko. Kwa hiyo mtoto aliyegeuza sahani alikuwa anasimama hasa pale ambapo wimbo unabadilika tabia. Ule ukimya wa kugeuza, watu wakikohoa na kuongeza chai, uliingia katika wimbo bila mtunzi kuupanga. Mjomba hawezi kuusikia wimbo ule bila ukimya huo.

Lakini kuna matini nyingine. Bendi hizohizo zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi nzima iliingia studio, ikapiga kama inavyopiga ukumbini, kanda ikazunguka mpaka mwisho. Redio haikuwa na upande A wala B. Wasikilizaji wengi wa vijijini ambao hawakuwahi kumiliki santuri waliujua wimbo kwa kanda ya RTD, mzima, ukitanguliwa na jina la mtangazaji na salamu za wasikilizaji. Hata mjomba anayo kaseti aliyoirekodi redioni zamani, na humo chemko inafuata kisa bila kupumua. Nilipompigia kaseti na CD kwa zamu alisema zote mbili ni zenyewe na zote mbili siyo zenyewe. Nikamwambia hilo ni jibu la mhadhiri. Akatukana kidogo.

Basi tuna matini tatu: sahani yenye mkato, kanda ya redio isiyo na mkato, na CD ambayo ni sahani iliyojifanya kanda. Hii ya tatu ndiyo dunia inaijua. Mwanafunzi wa Paris au Tokyo akisema amesikia dansi ya Tanzania, kwa kawaida amesikia santuri ya Nairobi iliyopitishwa kwenye mashine ya kuondoa mikwaruzo. Hakusikia kile kilichosikika Mlingotini.

Nisieleweke vibaya. Waliofanya kazi hii tunawadai shukrani. John Storm Roberts alitoa "The Tanzania Sound" mwaka 1987, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunaziona santuri hizo kama takataka za kabatini. Werner Graebner, Mjerumani aliyeufanyia utafiti muziki wa pwani hii kwa miaka mingi, alianzisha mfululizo wa "Zanzibara" kwa kampuni ya Buda ya Ufaransa mwaka 2005, akaanza na taarabu ya Ikhwani Safaa. Namba 3, ya mwaka 2007, ni ya bendi za Tanzania za miaka ya 1960. Namba 5, ya mwaka 2009, ni ya Dar es Salaam kati ya 1978 na 1983. Ukiisikiliza namba 3 kwa spika nzuri utasikia besi ambayo kwenye redio ya mbao tulikuwa tunaikisia tu. Hilo si jambo dogo. Wala kutoa upya si uvumbuzi wa Ulaya: Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979, Polygram ya Kenya ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa "Ukumbusho", na kaseti za mfululizo huo zilienea.

Ili kuona tunachokosa, tazama wenzetu wanavyofanya. Roki ile ndefu ya Uingereza ya miaka ya 1970, iliyojiita ya kimaendeleo, ina tatizo linalofanana na letu ingawa lake lilikuwa la kifahari: nao walikuwa na nyimbo ndefu. "Supper's Ready" wa Genesis, wa mwaka 1972, unapita dakika 22, lakini santuri yao kubwa iliumeza wote upande mmoja. Nyimbo hizo zimetolewa upya mara nyingi mno. Kuanzia 2009 Steven Wilson amezirudia albamu za King Crimson kutoka kanda za awali. Nick Davis alikwishazifanyia za Genesis mwaka 2007 na 2008. Waliweza kwa sababu kanda zao ni za njia nyingi: ngoma zimekaa peke yake, gitaa peke yake, sauti peke yake, na fundi anaweza kupika upya chungu kizima. Kanda ya RTD haina njia za kutenganisha. Kilichochanganyika siku ile kimechanganyika. Kwa hiyo kwetu kazi yote ya mhariri iko katika mambo mawili tu: amechagua nakala ipi, na ameieleza vipi.

Na hapa kuna kisa kinachohusu Bagamoyo kwenyewe, maana kutoka Mlingotini ni karibu tu. Peter Gabriel, mwimbaji wa Genesis aliyeiacha bendi mwaka 1975, baadaye alianzisha kampuni ya Real World. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilitoa "Chibite" ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya maisha yake Bagamoyo, akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa na kufariki Desemba 2003. Mwaka 2024 Real World ilitoa "Maisha" ya Zawose Queens, wa ukoo huohuo. Fikiri basi: ilimba ya Bagamoyo imehifadhiwa na pesa na ujuzi uliotokana na roki ya Kiingereza, lakini bendi zilizochezesha watu wa Bagamoyo Jumamosi usiku, kanda zao zinategemea bahati. Ngoma ya asili ilionekana ni urithi. Dansi, kwa kuwa ina gitaa la umeme, ilionekana ni starehe. Mgawanyo huo hatukuutunga peke yetu, lakini tumeukubali bila kuuliza, na idara zetu za fasihi zimo. Nani amewahi kuandika tasnifu juu ya DDC Mlimani Park kama alivyoandika juu ya tenzi?

Narudi kwenye kueleza. Mbaraka aliimba wimbo wa maombolezo ya Dk. Kleruu. Mtanzania wa umri wa mjomba hahitaji maelezo: Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa Ismani tarehe 25 Desemba 1971 na mkulima Said Mwamwindi, wakati wa joto la vijiji vya ujamaa. Bila habari hiyo unasikia wimbo wa msiba tu. Ukiwa nayo, unasikia bendi ya Morogoro ikichagua neno la kusema, na neno la kutosema, wakati nchi nzima inanong'ona kuhusu ardhi. Dhamira iko katika lile lisilosemwa. Tanbihi ya mistari mitatu ingetosha.

Au chukua jina. Mwaka 2011 Sterns ya London ilitoa nyimbo za Vijana Jazz za 1975 hadi 1980 na kuipa CD jina la "The Koka Koka Sex Battalion". Hili ni jina ambalo bendi yenyewe ililitumia kwenye baadhi ya sahani zake za Nairobi. Sawa. Lakini ni lakabu, na lakabu ina kazi yake. Bendi ya umoja wa vijana wa chama, ikifika Nairobi inajivika jina la utani kama malenga anavyojificha nyuma ya jina la ndege. Kuitoa lakabu nyuma ya pazia na kuibandika juu ya jalada ni kuuza kinyago na kumwacha mchezaji. Najua jina hilo linauza. Vijana Jazz, kwa mnunuzi wa London, halisemi kitu. Lakini mtu akichapisha mashairi ya malenga wetu na kuweka jalada lenye utani wake mkali kuliko yote, si tungepiga kelele?

Na vijitabu vya "Zanzibara" vimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Yana faida, nimejifunza mengi humo. Ila mjomba, anayejua nyimbo zenyewe kwa moyo, hakuandikiwa. Mlimani Park walipouita mtindo wao Sikinde waliazima jina la ngoma ya Wazaramo, na msemo wao wa "ngoma ya ukae" ulieleweka hapa kwetu bila mkalimani: ngoma ya nyumbani. Nilijifunza maana hiyo kwa mjomba, nikiwa mwaka wa pili chuoni.

J.W.T. Allen alipochapisha "Tendi" mwaka 1971 alifanya kazi ya kuchosha: kulinganisha miswada, kueleza maneno. Tunabishana na tafsiri zake, lakini tunajua tunabishana na nini. Ndicho ninachokidai kwa dansi. Wimbo huu umetoka sahani ipi, imefyatuliwa mwaka gani, sehemu mbili zimeungwa au la. Kanda ya redio ipo au haipo, na inatofautiana wapi. Kanda za RTD sasa ziko TBC. Wenzangu wananiambia hiyo ni kazi ya mafundi mitambo na wanasheria wa hakimiliki. Haki ya wanamuziki na warithi wao ni suala zito kuliko langu, sibishi. Lakini kusikiliza nakala mbili na kuandika tofauti zake ni kazi tuliyosomeshwa sisi, na haihitaji mtambo wowote zaidi ya kalamu.

Tulijaribu. Siku mbili baadaye mimi na mjomba tulikaa tena, safari hii na daftari. Tulipiga CD, tukasimamisha, tukaandika; tukapiga kaseti, tukasahihisha. Beti ya pili tuligombana juu ya neno moja, yeye anasikia "nimekoma", mimi nasikia "nimechoka", na kila mmoja alikuwa na nakala ya kumtetea. Tumeyaandika yote mawili, moja juu ya jingine. Penye mshono tuliacha mstari mtupu na yeye akaniamuru niandike hapo: geuza.