Mahindi Yenyewe Hayana Namba

Wifi yangu ana biashara Kihonda, Morogoro. Ukimuuliza anafanya nini, atakwambia yupo kwenye mahindi. Jibu hilo linatosha harusini na msibani, na hata kikundi chake cha vikoba kiliridhika nalo. Halikutosha siku alipoamua kuisajili biashara yake BRELA iwe kampuni. Maombi yanataka shughuli ya kampuni itajwe kwa namba ya ISIC, na katika orodha yote ya ISIC hakuna namba ya mahindi.

Alikuja kwangu akiwa ameshapewa namba na kijana wa steshenari aliyekuwa akimjazia fomu: 4690, biashara ya jumla isiyotaja ni ya nini. Baadaye nilikuja kujua kwamba kijana yule humwandikia hivyo karibu kila mteja, mwenye saluni na mwenye shamba la nanasi. Simlaumu sana. Namba isiyo sahihi haipigi kelele siku inapoandikwa.

(Nasema "namba" makusudi. Wengine husema "kodi ya ISIC", na mara ya kwanza wifi alipoisikia aliuliza ni asilimia ngapi.)

ISIC ni mpangilio wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi. Umoja wa Mataifa uliutoa mara ya kwanza mwaka 1948 ili takwimu za nchi moja ziweze kuwekwa kando ya za nchi nyingine na zikasomeka. Toleo la 5 liliidhinishwa mwaka 2023, lakini hapa ninatumia toleo la 4, la mwaka 2008. Lina sehemu 21 zenye herufi A hadi U, na chini yake matawi 88, makundi 238 na madaraja 419. Namba husomwa kutoka kushoto. Katika 1061, tarakimu mbili za mwanzo, 10, ni tawi la utengenezaji wa vyakula. 106 ni kundi la bidhaa za nafaka na wanga. 1061 yenyewe ni daraja la usagaji. Tarakimu ya mwisho nayo ina tabia zake. Ikiwa 0, kundi halikugawanywa zaidi. Ikiwa 9, kwa kawaida umefika kwenye kapu la nyinginezo, na kapu hilo si pa kukimbilia kabla hujamaliza kuzisoma namba zilizo jirani.

Kinachowachanganya watu wengi ni kwamba wao huanza na bidhaa, ilhali mpangilio huu kwanza unataka kujua unaifanyia nini. Wanatafuta nomino, wenyewe umepangwa kwa vitenzi. Kulima mahindi ni 0111, pamoja na mtama na ngano, ila si mpunga, ambao una 0112 yake. Kuyanunua kwa gunia na kuyauza kwa gunia ni 4620. Kuyabeba kwenye Fuso kwa malipo ya mwenye mzigo ni 4923. Kuyatunza ghalani kwa kulipwa ni 5210. Mama anayeyachoma kando ya barabara na kukupa limau na pilipili yuko 5610, nyumba moja na mahoteli ya chakula. Hindi ni lilelile, namba tano, sehemu nne za uchumi.

Tena vitenzi vyenyewe vinataka jicho. Unga wa muhogo uko 1061, lakini ukiutoa muhogo wanga, umehamia 1062. Mwenye kusaga karanga ziwe siagi atajitafuta kwenye usagaji na hatajiona, maana siagi ya karanga imewekwa 1030, kwenye usindikaji wa matunda na mboga. Kukaanga kahawa ni 1079, kuiuza kwa kikombe ni 5630. Jina la daraja halitakwambia hayo. Yamo kwenye maelezo yaliyo chini ya jina, ambayo watu wengi huyaruka.

Wifi hununua mahindi Kibaigwa, huyaleta Kihonda, mengine huyauza kama yalivyo, mengine huyakoboa na kuyasaga, akafungasha sembe kwenye mifuko ya kilo 5, 10 na 25. Majirani nao huja na debe zao kusagiwa kwa malipo. Ana duka, na ana Fuso. Lakini kabla hajanunua mashine, kwa miaka miwili alikuwa akisagisha kwa mtu. Nilimuuliza: wakati ule ulikuwa mfanyabiashara au mwenye kiwanda? Akacheka. "Kiwanda gani, wifi, na mashine ilikuwa ya mzee wa watu?"

Kwa kanuni za ISIC, alikuwa mtengenezaji. Anayetoa kazi yote ya utengenezaji kwa mtu mwingine huhesabiwa mtengenezaji iwapo malighafi ni yake. Mahindi yalikuwa yake, mwenye mashine akilipwa ujira wa kusaga tu. Naye mwenye mashine ni mtengenezaji vilevile, kwa sababu kusaga kwa malipo ni kusaga. Ila kama angemwambia mwenye mashine, "Nipe mifuko 200 ya sembe yenye jina langu," na mahindi yakawa ya yule mzee, hapo wifi angekuwa mchuuzi wa unga, hata kama picha yake ingekuwa kwenye mfuko. Kiswahili kilishatofautisha mambo haya zamani. Mwenye nafaka husagisha, asiye na nafaka hununua unga. Sijaona maelezo ya wataalamu yanayolieleza jambo hili kwa ufupi kuliko kiambishi hicho kimoja.

Basi tukafika kwenye shughuli kuu. Kampuni inaweza kuwa na shughuli kadhaa, na fomu inaziruhusu, lakini kuu ni moja. Kanuni ni kwamba kuu ni ile inayoongeza thamani kubwa zaidi. Thamani iliyoongezwa si mauzo wala si faida. Unachukua mauzo, unatoa vitu na huduma ulizonunua nje: mahindi, umeme, mifuko, dizeli. Mishahara hutoi. Wifi alikuwa ameitoa kila mahali, ikabidi tuirudishe, na mashine ambayo ina vijana wengi ikapanda ghafla. Tungetumia mauzo tungepotea kabisa. Gunia linalonunuliwa na kuuzwa vilevile huandika tarakimu nono daftarini na kuacha fedha kiduchu nyuma yake.

Daftari lake lilikuwa na safu nne. Nikizigeuza ziwe sehemu za 100, zilisomeka hivi: mashine 42, stoo ya mahindi 31, duka 14, gari 13. Ukitazama haraka, mashine imeshinda. Ndivyo alivyoona yeye, na ndivyo nilivyoona mimi.

Lakini ISIC haihesabu hivyo. Hesabu huanza juu na kushuka. Kwanza unajumlisha kwa herufi, unatafuta sehemu iliyo kubwa, kisha ndani ya sehemu hiyo tu unatafuta tawi, kisha kundi, kisha daraja. Mashine ni C, 42. Stoo na duka zote ni G, biashara ya jumla na rejareja, 31 na 14, yaani 45. Gari ni H, 13. G imeshinda. Ndani ya G, jumla ina 31 na rejareja 14, kwa hiyo jumla. Ndani ya jumla, mahindi ghafi, 4620. Daraja lenye 42 limeshindwa na daraja lenye 31, kwa sababu lile la 31 lina ndugu kwenye herufi yake.

Wifi akanuna. "Yaani mashine yote ile niliyoikopea, mimi bado dalali wa mahindi?"

Nilikaribia kumwambia ndiyo. Kilichonizuia ni safu ya duka. Nilimwomba tuifungue: dukani kunauzwa nini? Mchele, sukari, mafuta ya kula, na sembe. Sembe ya nani? Yake. Hapo ndipo hesabu nzima ilipogeuka. Anayetengeneza kitu na kukiuza mwenyewe hageuki kuwa mwenye rejareja kwa sababu ameweka kaunta na mizani. Mauzo hayo ni mkia wa utengenezaji. Kati ya zile 14 za duka, 9 zilikuwa za sembe yake. Tukazirudisha mashineni. C ikawa 51, G ikabaki 36, gari 13 yake. Kushuka kutoka C hadi 1061 hakukuwa na mpinzani hata mmoja njiani.

Kosa halikuwa la hesabu. Daftari lilipangwa kwa mahali: mashineni, stoo, dukani, garini. Ni mpangilio mzuri kwa mwenye biashara anayetaka kujua nani kamwibia wapi. ISIC haijali pesa imepokelewa chini ya paa gani. Nadhani makosa mengi ya namba huzaliwa hapa, kuliko kwenye kutojua Kiingereza cha orodha.

Gari nalo nililikagua. Fuso linapoleta mahindi yake kutoka Kibaigwa, hiyo ni shughuli saidizi, haihesabiwi peke yake. Zile 13 zilikuwa za mizigo ya watu wengine, kwa hiyo 4923 tukaiweka kati ya shughuli za ziada, pamoja na 4620. Pumba anazowauzia wafugaji hazikupata namba, kwa kuwa hutoka kwenye kukoboa kulekule.

Kuna tahadhari moja kwa wanaotafuta namba kwenye simu. Intaneti haikuulizi uko nchi gani. Ukiona 10611, hiyo ni ya Uingereza, yenye tarakimu tano. Ukiona 311211, hiyo ni ya Marekani. Zote mbili ni za kusaga nafaka, na hakuna hata moja ya ISIC.

Je, tofauti ya 4620 na 1061 ilistahili jioni mbili na chupa nzima ya chai? Namba haikupi ruhusa ya kufanya kitu. Leseni ya biashara ina sheria yake ya mwaka 1972, na kwa biashara za kundi B utaifuata halmashauri. Ubora wa unga utakupeleka TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye dhamana ya usalama wa chakula. Lakini kiwanda kina sheria yake tangu 1967, nayo iko mikononi mwa BRELA ileile, na aliyejiandikisha kama muuza magunia atakuwa na maelezo ya kutoa atakapobisha mlango huo. Benki nayo hupanga mikopo yake kwa shughuli, kilimo huku, biashara huku, viwanda kule. Karatasi zinazosema jumla na mashine inayosema kiwanda hazisomeki vizuri mezani kwa afisa mikopo. Na katiba ya kampuni lazima iseme yaleyale. Rasimu ya kwanza ya wifi ilitaja uagizaji wa magari, kwa sababu ilinakiliwa kutoka katiba ya mtu mwingine. Tuliufuta, tukaandika kukoboa, kusaga, kufungasha na kuuza nafaka, tukaongeza usafirishaji.

Cheti kilitoka. Mwezi uliopita alinipigia simu kusema ameanza kuchanganya pumba na dagaa na chokaa. Nikamwambia huo ni utengenezaji wa chakula cha mifugo, 1080, akianza kuuza aniambie tuongeze.

"Siuzi, wifi. Nalisha kuku wangu tu."

"Una kuku wangapi?"

"Mia nne na kitu."

"Wa nyama au wa mayai?"

Akakaa kimya kidogo. "Kwani mayai nayo yana namba?"

Nikamuuliza anatoa trei ngapi kwa wiki.