Ramani za Sensa na Nyumba Zilizofungwa

Sensa ya Kenya ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ilisifiwa zaidi kwa tabuleti zake, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza nchini kuendeshwa bila madodoso ya karatasi. Walakini, kwa rai yangu, sifa hiyo iliistahiki zaidi kazi iliyotangulia, nayo ni kazi ya ramani. Kabla ya karani yeyote kupiga hodi, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilikuwa limekwisha kuigawa nchi katika maeneo ya kuhesabia, kila moja likikadiriwa kuwa na kaya 100 hivi, ili isipatikane nyumba isiyokuwa na mtu aliyepewa dhamana yake.

Mahali kama Masii, huko Mwala katika kaunti ya Machakos, ndipo ugumu wa kazi hiyo unapodhihirika. Maboma yametawanyika baina ya matuta ya mashamba na nyua za mkonge, na mpaka wa kijiji na kijiji aghalabu waujua wazee. Mchora ramani, basi, hana budi kufuata alama atakazozitambua mtu aendaye kwa miguu: barabara, korongo la mto uliokauka, njia ya kuendea kanisani, kwani mstari ulionyoka vizuri katika ramani, na usioonekana ardhini, utawafanya makarani wawili waihesabu nyumba moja, au kila mmoja aiache akidhani ni ya mwenziwe. Picha ya setilaiti husaidia, illa huonyesha paa la bati pasipo kusema kama chini yake wamelala watu au mbuzi; wala haitambui kwamba boma moja lina kaya tatu, maadamu kaya hupimwa kwa watu wanaokula pamoja. Hilo hulisema mzee wa kijiji, akinyoosha kidole: huyu anapika kwake, yule anakula kwa mamake.

Huko Marekani, ambako kaya nyingi hujijazia fomu zenyewe, Idara ya Sensa iliandaa kabla ya sensa ya 2020 ramani iitwayo ROAM, ikionyesha vitongoji vilivyotarajiwa kujibu kwa uchache, ili wahamasishaji wapelekwe huko mapema. Kwetu mwitikio hutegemea miguu ya karani, na ramani ya kila jioni yapasa kumwonyesha msimamizi milango ambayo bado haijajibu. Hapo ndipo penye mtego: sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, hivyo nyumba ya Masii yenye kufuli huenda ni ya mtu afanyaye kazi Nairobi, aliyekwisha kuhesabiwa huko, na kumwandika tena kwa maneno ya jirani ni taksiri sawa na kumsahau. Ramani ikiipaka nyumba hiyo rangi moja na ile ambayo mwenyewe amekwenda sokoni tu, chifu atawakaripia barazani watu wasio na hatia, na karani atarudi bure. Yafaa ziwe alama mbili mbalimbali, na ile ya nyumba tupu asiiweke karani mpaka mzee wa kijiji amthibitishie kwamba usiku ule hapakulala mtu.