Dirisha Ambalo Halikuwepo

Tuliitazama watu watano, chumbani kwangu, kwenye kompyuta ya kuazima ambayo kioo chake kimepasuka pembeni. Wanne walikuwa na mikeka mfukoni. Msomaji, naanza na hilo ili ujue mapema nilikuwa wapi na nani, maana uhakiki wa filamu ya kamari ulioandikwa na mtu aliyeketi peke yake, ametulia na chai yake, mimi siuamini sana.

Filamu ni Uncut Gems ya mwaka 2019, kazi ya ndugu wawili, Josh na Benny Safdie. Adam Sandler, ambaye tumemzoea kwenye vichekesho, anacheza Howard Ratner, sonara wa New York mwenye madeni kila kona na ugonjwa wa kubeti. Mwaka ni 2012. Anayemdai zaidi ni shemeji yake, Arno, na Arno anatembea na vijana wa kazi. Howard ana jiwe la opali lililotoka machimboni Ethiopia. (Filamu inaanzia huko huko, kwa mchimbaji aliyevunjika mguu, kisha inamsahau kabisa. Nalo hilo lingestahili makala yake.) Kevin Garnett, yule yule wa mpira wa kikapu, anaigiza nafsi yake: amelipenda jiwe, anaamini linampa nguvu. Garnett akishalinunua, Howard hapeleki pesa kwa Arno. Anasuka mkeka.

Naam, mkeka, kama huu wetu wa vibandani: Boston wapate mpira wa kwanza, Garnett afikishe pointi na ribaundi kadhaa, na Boston washinde. Kimoja kikichanika, wote umechanika. Howard anawafungia wadai wake katikati ya milango miwili ya duka, anamtupia mpenzi wake Julia begi la pesa dirishani, naye anapaa kwa helikopta kwenda kasino. Mpira unachezwa. Chumbani kwangu watu walisimama. Mdogo wangu alipiga ukuta kwa kiganja. Mkeka ukajibu, zaidi ya dola milioni moja, Howard akafungua mlango akicheka, na kijana mmoja wa Arno akampiga risasi ya uso.

Kimya. Halafu mdogo wangu akasema, “Lakini si alishinda?”

Kwa wiki nzima sentensi hiyo haikunitoka. Mdogo wangu anaendesha bodaboda ya mtu, na mkeka aliokuwa nao siku ile ulikuwa na hesabu ya bosi ya siku mbili ndani yake. Sasa nauliza: hakuielewa filamu, au aliielewa vizuri mno?

Nadhani aliielewa. Safdie wanaujua ugonjwa. Ile kelele, watu watatu wakiongea kwa mpigo, simu isiyonyamaza, ndivyo kichwa cha mbetiji kilivyo saa za jioni. Sehemu bora kuliko zote si ya mwisho. Ni ile Howard anapogundua kuwa dau lake la awali, ambalo ameshalisherehekea, Arno alikwenda akalizuia lisichezwe. Ameshinda pesa ambazo hazikuwahi kuwepo. Hapo nilisema hawa jamaa ni waandishi.

Lakini jamani, tuongee dirisha. Julia anafika Mohegan Sun, kasino ya Wahindi Wekundu wa kabila la Mohegan, jimbo la Connecticut, na dau linapokelewa. Muda mfupi tu, tumeshahamia kwenye mpira. Filamu hii imetumia muda gani kwenye mlango wa duka la Howard, ule wa kufunguliwa kwa kitufe, unaogoma kila unapohitajika! Mlango ule tunaujua kuliko tunavyowajua watoto wake. Lakini mahali pesa inapogeuka karatasi, na karatasi ikageuka tena pesa, pamerukwa.

Na kuna kubwa zaidi. Mwaka 2012 dirisha lile halikuwepo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 iliyazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, isipokuwa machache yaliyokuwa nayo tangu zamani, Nevada likiwa mbele. Mahakama ya Juu iliibatilisha Mei 2018, na Connecticut ikaruhusu mwaka 2021. Mpira wenyewe ni wa kweli: 26 Mei 2012, mchezo wa saba, Boston 85, Philadelphia 75, Garnett pointi 18 na ribaundi 13. Mchezo wa kweli, mchezaji wa kweli, kasino ya kweli, halafu katikati wakachomeka dirisha la uongo.

Mwandishi ana ruhusa ya kudanganya, sibishi. Nauliza uongo unamtumikia nani. Huu unamtumikia Howard. Dirisha linalosema ndiyo kwa begi lolote ni ndoto ya mbetiji, na filamu iliyotufungulia kichwa chake chote imeikubali ndoto hiyo bila kuigusa.

Dirisha halisi lina tabia zake. Ukifika Las Vegas na laki za dola mkononi, karani anamwita mkubwa wake. Mkubwa anaweza kukubali, kukupa nusu, au kukataa kabisa, hasa kwa mambo madogo madogo kama nani atapata mpira wa kwanza. Keshi ikizidi dola 10,000 kwa siku, kasino inajaza fomu ya serikali nawe unatoa kitambulisho. Ukijifanya mjanja ukaigawa mafungu ili kuikwepa fomu, hilo nalo ni kosa. Tiketi unaisoma hapo hapo, maana namba ikikosewa na mpira ukaanza, shida ni yako. Siku ya kushinda unarudi foleni: tiketi, kitambulisho, fomu, noti zinahesabiwa mbele yako, au unaulizwa kama hutapendelea hundi. Niambie, hapo hakuna hadithi?

Martin Scorsese aliiona. Casino yake ya mwaka 1995 inatuingiza mpaka chumba cha kuhesabia pesa, na tunamwona mtu akitoka na begi huku wengine wakitazama pembeni. Robert De Niro pale anamcheza mtu aliyechongwa kutokana na Frank Rosenthal, aliyeingiza ukumbi wa kubeti ndani ya kasino ya Stardust miaka ya 1970. Filamu ndefu, ile ndoa inachosha, lakini inajua pesa inapita mlango gani.

Hadithi za kamari ninazoletewa na wenzangu kusoma ni mbili tu: kijana kashinda kajenga, au kijana kaliwa kajinyonga. Hakuna hata moja yenye keshia.

Mdogo wangu alikuja juzi. Mkeka mwingine umejibu, laki sita na kitu. Nikamwuliza mbona sura imekunjamana. Kibandani wamemwambia keshi ya kiasi hicho haipo, arudi kesho kutwa. Karatasi ameikunja ndani ya leseni ili isilowe, na bosi anataka hesabu yake leo usiku.