Hongereni, Wanafunzi wa Kitamili

Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Ndivyo walivyofanya wageni waliofika Tiruvannamalai, kusini mwa India, chini ya mlima Arunachala. Hapo ndipo mwalimu wa kiroho Ramana Maharshi alipofika mwaka 1896, akiwa na miaka 16, asiondoke hadi alipofariki mwaka 1950.

Wakalimani waliwasaidia wageni wengi, nao wanastahili shukrani. Lakini mwalimu huyu alitunga mashairi yake mengi kwa Kitamili, na wapo waliotaka kuyasikia bila mtu wa kati. Walianza na irabu 12 na konsonanti 18. Walihangaika na sauti ya mwisho ya jina lenyewe la lugha hiyo, inayotaka ulimi ukunjwe nyuma. Mmoja wao, Mwingereza Michael James, alisoma na mshairi Sadhu Om, kisha akawafasiria wengine.

Swali kuu la Ramana ni maneno mawili tu: Nan Yar. Kiswahili chadai matatu: Mimi ni nani? Aliyejifunza lugha ya mwalimu wake hulisikia lilivyotoka kinywani. Hongereni kwa heshima hiyo.