Je, Hofu Hurithiwa?

Huku kwetu Mbinga mtoto akiogopa maji ya ziwa, wazee husema kauchukua woga huo kwa bibi yake. Ni utani wa ukoo tu. Lakini tangu Desemba 2013 utani huo umevikwa joho la sayansi, nami naona hapana budi tulikague joho lenyewe.

Mwezi huo Brian Dias na Kerry Ressler, wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walieleza jaribio lao katika jarida la Nature Neuroscience. Waliwanusisha panya madume harufu ya asetofenoni huku wakiwashtua miguu kwa umeme, hata wakaiogopa harufu ile. Kisha watoto na wajukuu wa panya hao, ambao hawakupata kuinusa kabla, walishtuka zaidi kelele ilipopigwa penye harufu hiyo.

Kazi ni ya ustadi, lakini ina dosari. Mwaka 2014 Gregory Francis alionyesha kuwa kwa makundi madogo ya panya kama yale, baadhi ya majaribio yalipaswa kushindwa kwa bahati tu. Kufaulu mfululizo namna ile kunatia shaka. Nami naongeza: panya wale walikuwa wepesi wa kushtuka kwa harufu moja. Kutoka hapo hadi kwa mtoto anayelia akiliona ziwa pale Mbamba Bay ni safari ndefu.

Nuru zaidi naiona katika majaribio ya Susan Mineka na Michael Cook ya miaka ya 1980. Kima waliolelewa maabara hawakuogopa nyoka. Walipowatazama kima waliokulia porini wakimwogopa, wakajifunza upesi. Lakini walipoonyeshwa filamu iliyoungwa ili kima aonekane anaogopa maua, hawakujifunza. Maana yake, mwili hurithi utayari wa kujifunza hofu fulani. Hofu yenyewe huhitaji mwalimu.

Sisi Wamatengo tuna ushahidi wetu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwabana babu zetu milimani, wakalazimika kulima miteremko mikali kwa ngolo: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatizana, hufunikwa udongo, na katikati hubaki vishimo vya kuzuia mmomonyoko. Leo hakuna mtoto wa Mbinga anayemkimbia Mngoni, twaoana nao. Hofu ile imekwisha, ngolo ingalipo. Tena ngolo haikupitia damuni. Ilipitia mikononi, mama akimwelekeza binti namna ya kushika jembe.

Jambo hili si la kubishania barazani tu. Karibu na Lituhi, Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, mtoto anapaswa kuwaogopa mamba mapema, na wakubwa ndio wanaomwambia wapi pa kuteka maji na wapi pa kuepuka. Mzazi akiamini kuwa damu itamfundisha, atanyamaza, na ukimya huo waweza kumgharimu mtoto maisha. Naye mzazi wa milimani akiamini kuwa woga wa maji u damuni, hatamshika mwanawe mkono maji yakiwa magotini, akampa nafasi ya kuzoea. Wote wawili wangekuwa wameacha kazi ya malezi kwa sababu ya panya wa Atlanta, ambao habari zao bado zina mashaka.