Kumpima Mchekeshaji: Tumtazame King Majuto

Ukitaka kujua kama mchekeshaji ana ufundi, mtazame wakati si zamu yake kusema. Hapo ndipo Amri Athumani, King Majuto wetu, alipowaacha wengi nyuma. Mwenzake akiropoka, yeye hutulia, macho yakimfuata msemaji, na wewe unacheka kabla hajafungua mdomo. Mwigizaji wa kawaida husubiri tu zamu yake. Unamwona kabisa akiitafuta kichwani sentensi inayofuata.

Utulivu ule haukutokana na kamera. Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kuanza kuigiza 1958, angali mtoto. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, alikuwa ameshakula chumvi nyingi jukwaani, mbele ya watu wasiomhurumia mtu: kichekesho kikianguka, unakisikia kikianguka. Huko ndiko mtu hujifunza kusubiri.

Sisi wa Kimwani, huku Muleba, tuna kipimo chetu cha zamani. Buhaya yote, nchi ya Wahaya, imelelewa na enanga, tendi zinazoimbwa kwa chombo cha nyuzi. Mtu mmoja ameketi na chombo chake, naye ndiye mfalme, ndiye shujaa, ndiye mama anayelia, bila kubadili nguo. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliziandikia tendi hizo tasnifu nzima mwaka 1986, na kwa haki, maana ufundi wake ni mzito. Msikilizaji mzoefu hababaishwi na kelele. Anangoja pale sauti inapogeuka na mtu mwingine kuingia. Sikio hilohilo lipeleke kwenye filamu. Je, mzee mbishi anayeigizwa na Majuto leo ni yuleyule wa filamu ya jana, au kuna mtu mpya?

Kisha zima sauti. Kwenye vibanda vya video vya mialoni huku Muleba, jenereta ilikuwa ikimeza nusu nzima ya maneno, na bado watu walimcheka Majuto mahali panapostahili. Mwili wake ulikuwa umeshasema. Filamu ambayo bila sauti inabaki watu wanaopunga mikono tu, iache.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba hakujicheka. Akicheza mzee bahili anayegombania shilingi, alikuwa na uchungu wa kweli wa ile shilingi. Anayechekesha huku akikonyeza watazamaji ameshawaomba wamsaidie. Mchekeshaji mwenzake Mzee Small, Said Ngamba, aliyefariki Juni 2014, naye aliuamini uhusika wake vivyo hivyo, ingawa kwake mimi husikiliza zaidi kuliko kutazama.

Lafudhi ya Tanga Majuto hakuificha, nayo ipime: mwigizaji anayelazimisha Kiswahili cha redioni akiwa amevaa kanzu ya mzee wa mtaani anavunja kila alichojenga.

Lakini usinunue filamu kwa kuangalia kava. Jina lake liliuza, na baadhi ya filamu zilimweka mbele ilhali hadithi yenyewe haina miguu, sauti inakwaruza, na waliomzunguka wanapiga kelele kufidia. Alifariki Agosti 8, 2018, katika hospitali ya Muhimbili, akiwa ameacha kazi nyingi mno za viwango tofauti. Anza na zile alizopewa mwenzake mmoja wa kubishana naye chumbani, kamera ikatulia. Hizo zitazame mara mbili, na mara ya pili usimwangalie anayesema.